Goti Lililochakaa, Mpira na Sijda

SWALI

Ndugu Mshauri,

Ninaandika kutoka Bungu, Wilaya ya Kibiti. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, umri wangu miaka 64, na tangu ujana sijaupa kisogo mpira wa miguu: nilikuwa beki wa timu ya kijiji, na hata baada ya kustaafu nimeendelea kucheza na maveterani wenzangu kila Jumapili jioni. Zamani goti langu la kulia lilipinda uwanjani, likavimba, nikachuliwa, likapoa. Sasa ni mwaka wa nne linaniuma, na mwaka huu maumivu yamenifuata hadi kitandani. Nina shamba la mpunga huko delta ya Rufiji, na kushuka mtumbwini penye tope kumekuwa adhabu. Nimepigwa picha ya eksirei, na daktari amesema goti limefika daraja la nne, mifupa inasagana.

Nikizidiwa huenda duka la dawa nikachomwa sindano ya dikolofenaki, nikapata nafuu ya siku mbili tatu. Nina presha ninayoimezea dawa, na uzito wangu ni kilo 92. Rafiki zangu wanasema ute umekwisha gotini, nile bamia na supu ya makongoro. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam anataka nikabadilishwe goti Muhimbili. Mke wangu hataki, anasema nikikatwa sitasujudu tena. Mwingine ameniambia iko sindano ya kurudisha ute, ya fedha nyingi. Nishike lipi? Na je, mpira ndio ulioniponza?

Mwalimu Mstaafu, Bungu

JIBU

Mwalimu wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma na kuirudia, kwa kuwa swali lako ni la watu wengi wa rika lako, wake kwa waume, waliouzoeza mwili mbio na michezo, na ambao leo, mwili unapodai haki yake, hawaambiwi ila moja kati ya mawili: vumilia, au kakatwe. Muradi wangu ni kukuonyesha kwamba baina ya uvumilivu na kisu iko njia ndefu ambayo wewe hujaipita bado, na kwamba kisu chenyewe, endapo utakifikia, hakistahili hofu aliyo nayo mkeo wala pupa aliyo nayo mwanao.

Lakini liko jambo lisilongoja, nalo ni sindano za duka la dawa. Ziache leo. Dikolofenaki hutuliza maumivu kweli, na kwa sababu hiyo imependwa kupita kiasi katika pwani yetu yote. Ila dawa hiyo, ikiingia mwilini mara kwa mara pasipo tabibu kuisimamia, huchubua tumbo hata likatoka damu, huzielemea figo, na huipandisha presha ile ile unayoimezea vidonge kuishusha. Ukiona choo cheusi kama lami, au miguu ikianza kuvimba, au mkojo ukipungua, usingoje asubuhi, nenda hospitali. Vidonge vya presha usiviache. Na ukifika kituo cha afya, omba upimwe figo na sukari, na useme bila kuficha sindano ulizochomwa.

Sasa mpira. Sidhani kuwa mchezo wenyewe ndio uliokuponza, na ningependa uondoe moyoni majuto hayo. Mwaka 2017 wachunguzi walikusanya tafiti nyingi juu ya wakimbiaji, wakakuta kwamba miongoni mwa wanaokimbia kwa kujifurahisha ni asilimia 3.5 tu waliokuwa na maradhi ya kuchakaa kwa magoti au nyonga, ilhali kwa wasiokimbia kabisa ilikuwa asilimia 10.2, na kwa wale wa mashindano makubwa asilimia 13.3. Mwendo wa kadiri, basi, si adui wa goti. Adui aghalabu ni jeraha: goti lililopinda ujanani, likachanika kano au gegedu ndani yake, huweza kukaa kimya miaka 20 au 30 kisha likaanza kulika. Nadhani siku ile uliyochuliwa ukaona limepoa, ndipo safari hii ilipoanza. Uzito wa mwili na umri vikaongeza mwendo wake.

Na ute? Rafiki zako hawakusema kwa ubaya, lakini wamekosea. Kinacholika ni gegedu, lile tabaka laini na telezi linalofunika ncha za mifupa. Ute wa goti haukauki, na mara nyingi goti lililochakaa huwa na majimaji mengi kuliko lililo zima, ndiyo sababu huvimba. Bamia ni mboga njema, ile kwa raha zako, ila tumbo huivunjavunja kama livunjavyo kila chakula, wala hakuna mfereji unaotoka utumboni ukapeleka utelezi wake gotini. Supu ya makongoro, pamoja na mafuta yake, haimfai mtu wa kilo 92 anayetaka goti lake lipumzike.

Daraja la nne nalo lisikuvunje moyo. Madaraja hayo, kutoka 0 hadi 4, yalipangwa na Kellgren na Lawrence wa Manchester mwaka 1957, nayo hupima picha, hayapimi maumivu. Wako wenye picha mbaya kama yako wanaotembea kwenda sokoni, na wako wenye picha njema wasiolala. Kwa hiyo hata kwako wewe, tiba ya kwanza yenye ushahidi madhubuti ni mazoezi ya kuimarisha misuli, jambo ambalo, kwa masikitiko yangu, wagonjwa wengi huliona dogo mno kuitwa tiba. Umeyaona majahazi ya Nyamisati: mlingoti hausimami kwa unene wake peke yake, bali kwa kamba zilizoukaza pande zote, na goti ni vivyo hivyo, kamba zake zikiwa ni misuli ya paja, ya nyonga na ya muundi, ambayo kwako, baada ya miaka minne ya kuukwepa mguu wa kulia, bila shaka imelegea.

Anza hivi. Keti juu ya kiti kigumu, inuka bila kusukuma kwa mikono, kisha keti tena polepole. Rudia mara 10, pumzika, rudia tena. Lala chali, nyoosha mguu, kaza paja, uinue mguu kiasi cha shubiri moja na uushikilie kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Panda na kushuka kidato kifupi cha baraza. Fanya hayo siku tatu katika kila juma, kwa majuma 12 yasiyokatika, ukiongeza kidogo kidogo. Na maumivu yanayokuja wakati wa zoezi yasikutishe maadamu kesho yake asubuhi yamerudi kiasi chake cha kawaida. Baiskeli, kiti chake kikiinuliwa vya kutosha ili goti lisikunjwe sana, ni rafiki mkubwa wa mtu kama wewe. Kuogelea kungefaa vilevile, lakini Rufiji ni mto wa mamba na viboko, nami sithubutu kumtuma mtu huko kwa ajili ya goti. Bakora ushike mkono wa kushoto, yaani upande wa pili wa goti bovu, maana huko ndiko inakopunguza mzigo. Na tope la mtumbwini waachie vijana kwa sasa.

Juu ya uzito nitasema wazi. Kipimo kilichofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2005 kilionyesha kuwa kila kilo 1 mtu anayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Ukipungua kilo 9 tu, goti lako litapumzishwa kilo 36 kila unapokanyaga. Samaki na kamba wa delta usiwaache. Punguza sinia la wali, sukari ya chai, na maandazi ya asubuhi. Hili ni gumu kwa mtu aliyelima mpunga maisha yake yote, nami najua ninachokuomba.

Dawa nitazipitia kwa haraka. Dikolofenaki ya kupaka juu ya goti ni salama zaidi kuliko ya sindano, kwa kuwa kidogo sana ndicho kinachoingia damuni. Muulize tabibu wako uanze nayo. Sindano ya steroidi ndani ya goti, ikidungwa na mjuzi, huleta nafuu ya majuma kadhaa, lakini kuirudiarudia si busara: utafiti wa mwaka 2017 uliowadunga watu kila miezi 3 kwa miaka 2 ulikuta gegedu lao limelika zaidi kuliko la waliodungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupungua kuwazidi. Sindano ya fedha nyingi ya kurudisha ute imechunguzwa sana, na faida yake imeonekana ni haba mno. Ningekuwa wewe ningeiweka fedha hiyo. Wala usikubali kuingiziwa kamera gotini na kuoshwa ndani: huko Houston, mwaka 2002, watu 180 waligawanywa, wengine wakaoshwa kweli na wengine wakachanjwa ngozi tu pasipo kufanyiwa chochote, na mwisho wake hali zao zilikuwa sawa.

Tufike sasa kwenye kisu. Kubadilisha goti si kuling'oa lote, kama wengi wanavyodhani. Tabibu hukata milimita chache za ncha za mifupa zilizochakaa, akazivika chuma, na baina yake akaweka plastiki ngumu. Ni kazi iliyokwisha kuthibitika. Hesabu zilizotolewa mwaka 2019 zilionyesha kuwa katika kila magoti 100 ya bandia, yapata 82 yalikuwa bado yanatumika baada ya miaka 25. Na mtu wa miaka 64 kama wewe yumo katika umri mwema wa kufanyiwa. Huko Denmark, mwaka 2015, walilinganisha wagonjwa 100: nusu walipasuliwa kisha wakapewa mazoezi, nusu wakapewa mazoezi, nasaha ya chakula na dawa pasipo kupasuliwa. Waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi, lakini madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi kwao. Na katika wale wasiopasuliwa, waliopata nafuu yao pia, robo tu ndio walioomba kisu kabla ya mwaka kwisha. Hapo ndipo ninapopata hukumu yangu juu yako: miezi 3 ya kazi ya kweli kwanza, na ukiimaliza ungali hulali usiku na huwezi kufika msikitini kwa miguu, nenda ukabadilishwe, wala usichelewe mpaka paja likanyauka na goti likakakamaa lisinyooke, kwani mguu dhaifu huingia chumba cha upasuaji ukatoka dhaifu.

Hatari zake uzijue: usaha, damu kuganda miguuni, na kukakamaa, na katika kila wagonjwa 10, mmoja au wawili hubaki hawakuridhika. Kwa hiyo jino bovu litibiwe kabla, vidonda vya miguu vipone, presha na sukari vitulizwe, na ujue kuwa mazoezi baada ya kisu ni ya miezi.

Mke wako ameuliza jambo la maana, wala lisipuuzwe. Goti la bandia aghalabu hukunjika vya kutosha kuketi kitini na kupanda ngazi, lakini mara chache hukunjika kiasi cha kuchuchumaa; kupigia goti chini hakukatazwi kwa wengi, ila wengi huona kuna karaha. Basi jenga choo cha kukalia kabla ya safari ya hospitali. Na juu ya sijda, Mtume alimwelekeza Imran bin Huswayn, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, akishindwa aketi, na akishindwa kuketi alale ubavu. Shehe yeyote wa Kibiti atakuthibitishia kwamba sala ya kitini ya mtu mwenye udhuru ni sala kamili. Isitoshe, nauliza kwa heshima: kwa goti ulilo nalo leo, unasujudu bila taabu?

Mpira wa kukimbia na kugongana uweke chini tangu sasa, uwe umepasuliwa au hukupasuliwa. Matabibu huwaruhusu wenye magoti ya bandia kutembea, kupanda baiskeli na kuogelea, huwazuia mbio na mpira. Lakini uwanjani usitoke. Mwaka 2011, huko Chesterfield, Uingereza, wazee walianza kucheza mpira wa kutembea, ambamo anayekimbia huadhibiwa, na mchezo huo umeenea nchi nyingi; maumivu yakishapungua, mweleze mtaalamu wa mazoezi ya viungo na umwulize kama unakufaa. Maveterani wenzako nao wana magoti, na mwalimu ndiye afaaye kuwaongoza.

Kuhusu njia: anzia Hospitali ya Mchukwi au kituo kilicho karibu nawe, uombe rufaa; pale Kibaha iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Tumbi; na mwisho wa njia ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ambako magoti hubadilishwa. Usingoje miezi mitatu iishe ndipo uombe rufaa. Iombe sasa, ili kazi ya misuli na foleni ya daktari bingwa ziende pamoja. Ikiwa una kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliza kabla ya kupanda basi ni kipi kinacholipiwa na kipi mtakachotoa mfukoni, maana goti la bandia lenyewe ndilo ghali. Chukua picha yako ya eksirei na vidonge vyote unavyomeza. Na mchukue mkeo mwende pamoja, aingie nawe chumbani kwa tabibu, aulize kwa kinywa chake mwenyewe goti hilo litakunjika kiasi gani.