«Rezo iko mubaya»: neno moja, hitilafu nne

Katika Kiswahili cha Goma, neno rezo, tulilolitoa katika Kifaransa, limebebeshwa mzigo mzito. Mtu akisema «rezo iko mubaya», pengine simu yake haishiki mnara, pengine mega zimekwisha, pengine Wi-Fi ya nyumbani imekatika, au vyote vimeshika ila ukurasa unachelewa kufunguka. Semantiki inaiita hali hii polisemia. Mara nyingi polisemia haimdhuru mtu, kwani muktadha unasaidia. Hapa inadhuru: mwenye neno moja hutafuta chanzo kimoja, na lawama yote inakwenda kwa kampuni ya simu.

Nyumbani kwetu Himbi, simu moja ndiyo inayogawa intaneti kwa wengine. Nilitaka kumtumia mwalimu anayeongoza kazi yangu rekodi za mahojiano, megabaiti 60, kabla ya tarehe ya mwisho. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hizo ni megabiti 480. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, faili hilo linapanda kwa dakika 8. Vifaa vinne vikigawana kasi hiyo sawasawa, ni dakika 32. (Sisi tunasema «mega» kwa biti na kwa baiti pia. Herufi moja iliyopotea inazidisha hesabu mara nane.)

Simu ya yaya ilikuwa inapandisha picha zake kwenye hifadhi ya mbali, ya mdogo wangu inasasisha programu. Yaya akakataa: «Siko nafanya kitu, simu iko mu mufuko!» Kisarufi alisema kweli. Kitenzi kufanya mara nyingi kina mtendaji mwenye nia, na simu inatenda bila yeye. Walipozima Wi-Fi, faili likaenda.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu, tenganisha maana. Zima ugawaji, ufungue ukurasa kwenye ile simu yenye laini peke yake. Ukifunguka haraka, tatizo limo ndani ya nyumba: rudisha vifaa kimoja kimoja hadi umwone mlaji. Usipofunguka, angalia salio la mega, kisha mnara. Ukiwa Birere angalia pia jina la mtandao juu ya kioo, kwa sababu karibu na mpaka simu inaweza kushika mnara wa Rwanda.

Kwenye nyumba zinazopata intaneti kwa waya wa simu wa shaba, kama nyingi za Ulaya zilivyokuwa, kazi ni ileile. Sauti inapita chini ya kilohezi 4, data juu yake, na simu ya mezani isiyo na kichujio inaingiza kelele kwenye njia ya data. Fundi anachomoa simu zote, anaacha modemu peke yake, kisha anarudisha moja moja. Isimu inafanya vivyo hivyo na jozi pambanuzi: unabadilisha kitu kimoja tu, vingine vinabaki.

Sipendekezi tuliache neno rezo, limeshaota mizizi. Linahitaji jirani tu. Maneno mnara, mega, Wi-Fi na kasi tunayo tayari, na siku hizi mtu akilalamika nyumbani, mdogo wangu ndiye anayeuliza: «Mnara ao mega?»