Nyumba Iliyowekwa Tayari

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 2 Wafalme 20:1–6; Yeremia 32:6–15; Hesabu 27:1–11; Mwanzo 24:1–10; Esta 2:5–7; Yohana 19:25–27.

Fungu la kukariri: Mithali 13:22.

Fungu letu la kukariri linamsifu mtu mwema ambaye mali yake inawafikia hata wajukuu. Halisemi kwamba mtu huyo alikuwa tajiri. Shamba la ekari mbili, cherehani, ng'ombe watatu na akaunti ndogo ya benki vinatosha kuwaletea watoto wako amani, na vinatosha pia kuwapeleka mahakamani.

Waadventista wengi hutoa zaka kwa uaminifu maisha yao yote, kisha huondoka duniani bila kuacha hata ukurasa mmoja unaosema mali waliyobaki nayo iende wapi. Juma hili tutajifunza kuhusu wosia, hati ya uwakilishi na kuasili mtoto, tukitumia Maandiko na sheria za Tanzania Bara. Wanafunzi wa nchi nyingine waulize sheria za kwao.

JUMAPILI: Hezekia na miaka kumi na mitano

Soma 2 Wafalme 20:1–6 na 21:1. Mungu alimwagiza Hezekia afanye nini kabla ya kifo?

Mfalme aliagizwa aweke mambo ya nyumbani mwake sawa. Aliomba, akaongezewa miaka 15. Manase alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 12, kwa hiyo alizaliwa ndani ya miaka hiyo ya nyongeza. Hezekia aliacha hazina na kiti cha enzi, lakini aliyevirithi aliujaza Yerusalemu sanamu. Maandalizi ya nyumba ni pamoja na malezi. Hati haiwezi kufanya kazi ambayo ibada ya familia haikufanya.

Hata hivyo, agizo lenyewe lilitoka kwa Bwana. Wako wanaosema kwamba kuandika wosia ni kujiita kaburini. Ellen White alipinga hofu hiyo, akawashauri ndugu wapange mambo yao wakiwa bado na akili timamu. Yeye mwenyewe aliandika wosia wake mwaka 1912, akakabidhi maandiko yake kwa wadhamini watano. Alifariki mwaka 1915.

Je, ni hofu gani inayokuzuia wewe?

JUMATATU: Hati ndani ya chombo cha udongo

Soma Yeremia 32:6–15. Taja hatua alizofuata Yeremia.

Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira mji, na nabii alikuwa kifungoni. Hata hivyo, alinunua shamba kwa shekeli 17 za fedha. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akatengeneza nakala mbili, akamkabidhi Baruku azihifadhi ndani ya chombo cha udongo zidumu. Imani yake haikumfanya adharau utaratibu.

Wosia wa maandishi unafuata njia hiyo hiyo. Mwandishi awe mtu mzima mwenye akili timamu, asiyeshurutishwa. Aandike jina lake, tarehe, mali zake, warithi, na msimamizi wa mirathi anayemtaka. Kisha atie sahihi mbele ya mashahidi. Kwa sheria ya mila iliyotangazwa mwaka 1963, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa mdomo nao unahitaji mashahidi wanne. Ni busara anayerithi asiwe shahidi. Wosia unaweza kutunzwa RITA, kwa wakili au benki. Ukiufungia kabatini pasipo mtu kujua, ni kama hukuandika.

Sisi tuna sababu ya pekee ya kuandika. Soma Mhubiri 9:5, 6. Wafu hawajui neno lolote. Msibani hatokosi mtu wa kusema kwamba marehemu amemjia usiku na kumwelekeza nani apewe shamba. Mtu anayeamini fundisho letu juu ya hali ya wafu hana budi kusema neno lake akiwa hai.

JUMANNE: Binti watano mbele ya mlango wa hema

Soma Hesabu 27:1–11. Binti za Selofehadi waliomba nini, na Bwana aliwajibuje?

Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa hawakunung'unikia mahemani mwao. Walipeleka hoja mbele ya Musa, na Bwana akasema hoja yao ni ya haki.

Swali lao bado liko kwetu. Sheria ya mila ya mwaka 1963 inasema mjane hana sehemu katika urithi iwapo mumewe ameacha watu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi juu ya wajane wawili wa Tanzania waliopoteza makazi kwa sababu ya sheria hiyo, ikaitaka nchi iirekebishe. Kabla ya hapo, mwaka 1990, katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory, Mahakama Kuu mjini Mwanza iliamua kwamba mwanamke mzee aliyeachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanamume. Angalia kwamba baba huyo alikuwa ameandika.

Wengine hudhani kwamba kwa kuwa wamebatizwa, mila haitawahusu. Mahakama haitazami cheti cha ubatizo peke yake. Hutazama jinsi marehemu alivyoishi na nia aliyoidhihirisha. Mkristo asiyeacha wosia anaweza kugawiwa mali yake kwa kanuni ambazo hakuziamini. Soma Marko 12:40, kisha ujiulize: ni nani atakayejibu ikiwa nyumba ya mjane italiwa kwa sababu ya ukimya wa mumewe?

JUMATANO: Mtumishi aliyetumwa

Soma Mwanzo 24:1–10. Ibrahimu alimpa mtumishi wake mamlaka gani, na mipaka gani?

Mtumishi alipewa kazi moja: kumtafutia Isaka mke. Aliwekewa mipaka: asitwae binti wa Wakanaani, wala asimrudishe Isaka kule walikotoka. Alielezwa pia ni wakati gani angekuwa huru na kiapo chake.

Hati ya uwakilishi ya leo nayo iwe hivyo. Mzee aliye Mbeya anaweza kumpa bintiye aliye Dar es Salaam mamlaka ya kufuatilia kiwanja au kusimamia nyumba ya kupangisha. Hati itaje kazi, mipaka na muda. Ikihusu ardhi iliyosajiliwa, nayo isajiliwe. Kumbuka pia kwamba, kwa ndoa zetu, sheria ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Anayewakilisha hawezi kupewa mamlaka ambayo aliyemtuma hana.

Mamlaka hayo hukoma aliyeyatoa anapofariki. Hapa ndipo watu wema hujikwaa. Baba amefariki alfajiri, na kabla ya jua kuchwa mtoto anayejua namba yake ya siri ameshatoa fedha kwenye simu na benki, akisema ni za msiba. Tangu saa ile mali ni ya mirathi, na anayepaswa kuigusa ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Mambo ya gharama za maziko na yasemwe mapema, watu wakiwa hai.

ALHAMISI: Mordekai na Hadasa

Soma Esta 2:5–7. Mordekai alimfanyia nini yatima huyu?

Alimtwaa awe binti yake mwenyewe. Katika makanisa yetu wako wengi waliofanya vivyo hivyo: mtoto wa dada aliyefariki, mjukuu, mtoto aliyeachwa. Mtoto hula, husoma, huitwa jina la baba wa nyumba. Siku baba akizikwa, kikao cha ukoo humwambia arudi kwao.

Upendo ulikuwepo, ila karatasi hazikuwepo. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kuasili mtoto hufanywa kwa amri ya Mahakama Kuu, baada ya taarifa ya afisa ustawi wa jamii. Amri ikitoka, mtoto huyo anarithi kama aliyezaliwa humo ndani. Asiyeasiliwa hana haki hiyo kwa malezi peke yake. Kama njia ya mahakama haijawezekana, mtaje kwa jina katika wosia wako.

Soma Warumi 8:15–17. Paulo anapotuita wana waliofanywa kuwa wana, mara moja anatuita warithi. Mungu hakutupokea nusu. Je, mtoto unayemlea amepokewa kwa kiasi gani?

IJUMAA: Kwa kujifunza zaidi

Soma Yohana 19:25–27. Bwana alikuwa katika maumivu ya msalaba, naye hakuwa na shamba wala nyumba. Lakini alikuwa na mama. Alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, akasema wazi mbele ya watu waliosikia, na tangu saa ile Mariamu akawa na mahali pa kukaa. Kupanga mambo ya nyumba ni sehemu ya upendo, hata kwa aliye maskini.

Maswali ya kujadili:

1. Katika darasa lenu, ni wangapi walio na wosia wa maandishi? Ni nini kinachowazuia wengine?

2. Soma Luka 12:13–15. Yesu alikataa kuwa mgawanyaji wa urithi. Mchungaji na wazee wa kanisa wafanye nini, na wasifanye nini, ndugu wanapogombania mali?

3. Mshiriki anataka kuliachia kanisa shamba lake lote, naye ana mke na watoto wadogo. Mtamshauri nini? Linganisha na Marko 7:9–13 na 1 Timotheo 5:8.

4. Juma hili, keti na mwenzi wako mwandike orodha ya mali, madeni na majina ya watoto wote mnaowalea. Ni jina gani ambalo ukoo ungelisahau?