Mashine Ndogo ya Kuchomelea kwa Waya, na Namna ya Kuichagua

Likizo iliyopita baba yangu mdogo alinichukua tukatafute mashine mpya ya kuchomelea vyuma, kwa sababu ile aliyokuwa nayo ilikwisha kumtia hasara. Nimeona yafaa niyaandike tuliyojifunza, maana najua miongoni mwa wasomaji wapo wazazi wenye karakana nyuma ya nyumba, na wapo wenzangu watakaoishika kazi hii baada ya mtihani.

Mashine hii yafanyaje kazi? Katika ile ya zamani fundi hushika kijiti kilichopakwa dawa, nacho huungua na kufupika mpaka akitupe, ashike kingine. Katika mashine ya waya, waya mwembamba wa milimita 0.6, 0.8 au 1.0 umezungushwa katika roli ndani ya sanduku. Mota ndogo huusukuma kupitia mpira mrefu mpaka kwenye mkono wenye umbo la bastola. Fundi akibonyeza kitufe, waya hutoka, hugusa chuma, na umeme huuyeyusha papo hapo. Kwa hiyo waya ndio upelekao moto, na waya huohuo ndio ujazao mshono. Mkono mmoja watosha, na mwanafunzi hupata mshono wa kupendeza katika siku moja au mbili, jambo ambalo kwa vijiti huchukua majuma.

Lakini uzuri huo ndio mtego wenyewe. Baba mdogo alitengeneza benchi la chuma cha pembe cha milimita 3. Mishono yake ilikuwa safi, imelala kama magamba ya samaki. Juma la pili mguu mmoja ulifunguka, na mzee aliyekuwa ameketi akaanguka akateguka kifundo cha mkono. Tulipoutazama ule mguu, tuliona mshono umebandukana wote mzima, na chini yake chuma king'avu, hakikuyeyuka hata kidogo. Waya ulikuwa umekaa juu ya chuma kama nta juu ya sahani. Baba mdogo alirudisha fedha zote, akamlipia mzee matibabu, na kwa muda mrefu hakuletewa kazi na watu wa mtaa ule.

Kosa lilikuwa la nani? Sandukuni mlikuwa mmeandikwa 200 kwa tarakimu kubwa, na muuzaji aliapa kwamba ni ampea 200. Nyuma ya mashine, hata hivyo, kulikuwa na kibati kidogo ambacho hakuna aliyekisoma, nacho kilisema hivi: ampea 140 kwa asilimia 20, ampea 80 kwa asilimia 60, ampea 62 kwa asilimia 100. Asilimia hizo ni sehemu ya dakika kumi. Maana yake, kwa ampea 140 utachomelea dakika 2 tu, kisha uiache ipoe dakika 8. Wenzangu wa Fizikia watatambua kwamba joto hufuata mraba wa mkondo: 140 mara 140 mara 0.2 ni 3,920, na 80 mara 80 mara 0.6 ni 3,840, karibu sawasawa. Kibati kile kilikuwa kinasema kweli. Yafaa pia kutazama kipimo hicho kilichukuliwa katika joto gani la hewa, kwani mashine iliyopimwa penye nyuzi 20 haitafanya hivyo chini ya paa letu la bati saa nane mchana. Nzuri ni ile iliyopimwa kwa nyuzi 40.

Basi mtu asianze kwa kuuliza bei. Aanze kwa kupima chuma chake. Mafundi hukadiria ampea 40 kwa kila milimita moja ya unene. Mabomba ya mraba ya vitanda na viti, yenye milimita 1.5, yataka ampea 60. Chuma cha pembe cha milimita 3 chataka 120. Chuma cha milimita 5, kama cha bawaba za geti, kingetaka 200 kwa mpigo mmoja, na hapo mashine ndogo ya nyumbani haifai. Mimi nasema wazi kwamba kwa kazi hiyo ile ya vijiti isitupwe. Fundi ambaye kazi yake yote ni mageti mazito na nondo zenye kutu, tena nje penye upepo, hana haja ya mashine ya waya kabisa.

Jambo la pili ni umeme. Natuchukue zile ampea 120. Kwa mashine za aina hii volti za kazi hukadiriwa kwa kuzidisha ampea kwa 0.05 na kuongeza 14, yaani hapa volti 20. Mara 120 ni wati 2,400. Tukisema mashine hupoteza sehemu moja katika tano, itavuta wati 3,000 ukutani, na kwa volti 230 hiyo ni ampea 13. Hapo plagi ya kawaida yenye fyuzi ya 13 imefika mwisho wake, na mashine nyingi za bei nafuu huvuta zaidi ya hesabu hii. Jioni umeme ukishuka, au ukitumia waya mrefu mwembamba wa kuunganishia, volti zikawa 190, mambo mawili hutokea: ama mashine huvuta mkondo mkubwa zaidi hata soketi ikayeyuka, ama hutoa moto mdogo kuliko namba uliyoiweka. Hili la pili ndilo lililolifungua benchi.

Sasa natutazame gesi. Waya mtupu hauna dawa, kwa hiyo hutaka mtungi wa hewa ya ukaa, au agoni iliyochanganywa na hewa hiyo, ili hewa ya kawaida isiingie ndani ya mshono. Mchanganyiko hutoa cheche chache. Hewa ya ukaa peke yake ni nafuu na huzama vizuri. Mtungi wa kilo 5 wadumu muda gani? Gramu 44 hujaza lita 24, basi kilo 5 ni kama lita 2,700. Kwa lita 10 kila dakika, utapata saa nne na nusu za kubonyeza kitufe. Si haba. Lakini upepo mdogo tu huipeperusha gesi, na mshono hujaa vitundu kama andazi. Anayefanya kazi chini ya mwembe anunue waya wenye dawa ndani, usiotaka gesi. Huo una moshi mwingi, huacha maganda ya kugongwa, nao ni mgumu kwa mabomba membamba. Tena usiache roli wazi, hasa ninyi wa pwani, maana hushika unyevu.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Waya mtupu wenye gesi hutaka mkono uwe upande wa chanya, na waya wenye dawa usio na gesi hutaka upande wa hasi. Fungua mlango wa mashine utazame kama nyaya hizo zaweza kubadilishwa. Kama haziwezi, umenunua mashine ya kazi moja. Utazame pia vigurudumu vinavyosukuma waya: vya mfereji laini ni vya waya mtupu, vyenye meno ni vya waya wenye dawa. Na uulize roli gani huingia, kwani roli la kilo 1 huwa ghali kwa kila kilo kuliko la kilo 5.

Tulipopata mashine ambayo kibati chake kilisema ampea 160 kwa asilimia 35, katika nyuzi 40, baba mdogo hakutoa fedha. Alitoa mfukoni vipande viwili vya chuma cha pembe, akaomba avichomelee palepale. Muuzaji alinuna kidogo, akakubali. Vilipopoa tulivibana kwenye jiliwa tukavipiga nyundo mpaka vikapinda. Chuma kilipinda na mshono haukubanduka. Ndipo akalipa, na fedha zilizobaki akampa fundi umeme atuvutie waya wake peke yake, wa milimita za mraba 4, kutoka kwenye swichi kuu mpaka karakana.