Kompyuta ya Linux Isiyotoa Sauti: Pa Kuanzia

Mwongozo huu ni wa mtu anayetunza kompyuta za kazini, aliyekwisha kuongeza sauti, kuwasha upya mashine na kubadilisha hedifoni, na spika bado ziko kimya. Hapo wengi hukimbilia kusakinisha mfumo upya. Hatua hiyo isichukuliwe. Mfumo ukirudishwa na kerneli ileile, bila famuwea inayohitajika, siku ya kazi itapotea na kimya kitabaki palepale.

Sauti kwenye Linux ina ngazi mbili. Ya chini ni ALSA, iliyomo ndani ya kerneli tangu toleo la 2.6 la mwaka 2003, na humo ndimo vinamokaa viendeshi vya kadi za sauti. Juu yake kuna huduma inayogawa sauti baina ya programu. Zamani ilikuwa PulseAudio, lakini leo mara nyingi ni PipeWire, ambayo Fedora iliifanya ya msingi katika toleo la 34 mwaka 2021 na Ubuntu katika toleo la 22.10. Ushauri mwingi unaosambaa uliandikwa enzi za PulseAudio. Kwa hiyo usishangae ukiandika `pulseaudio -k` na pasitokee lolote: huenda unaua huduma ambayo haipo.

Kwanza tambua kimya kimeanzia ngazi ipi. Fungua dirisha la amri, andika `aplay -l`, kisha `cat /proc/asound/cards`. Zote mbili zikikosa kadi, tatizo liko chini, kwenye kiendeshi au famuwea. Ya pili ikionyesha kadi na ya kwanza ikaikana, kadi ni nzima ila mtumiaji hana ruhusa ya kuigusa. Kikitajwa HDMI peke yake, bado hujapata kadi unayoitafuta, kwa kuwa hiyo ni njia ya sauti inayopita kwenye waya wa skrini, si ya spika za ndani.

Kadi ikionekana, fungua `alsamixer`, bonyeza F6 na uichague. Safu yenye herufi MM imezimwa. Bonyeza M iwe 00. Angalia pia Auto-Mute, kwani kompyuta inayodhani hedifoni zimechomekwa huzima spika. Kisha jaribu bila kupitia PipeWire: `speaker-test -D plughw:0,0 -c 2 -t wav`, ukiweka namba za kadi na kifaa ulizoziona kwenye `aplay -l`. Ukijibiwa kwamba kifaa kinatumika, funga programu zote zinazopiga sauti kisha urudie. Sauti ikisikika hapa, kiendeshi hakina kosa. Andika `systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`, bila sudo, kwa sababu huduma hizi ni za mtumiaji na si za mfumo mzima. Baada ya hapo `wpctl status` itakuonyesha sauti inaelekezwa wapi.

Kazi ngumu ni pale kadi inapokosekana kabisa na mipangilio ya sauti inaonyesha "Dummy Output" tu. Andika `lspci -nnk`, utafute kifaa chenye neno Audio, usome mstari wa kiendeshi kinachotumika. Kisha uliza kerneli yenyewe: `sudo dmesg | grep -iE 'snd|sof|hda'`. Soma majibu yote, usiishie kwenye mstari mmoja.

Kwenye kompyuta mpakato za Intel za zamani, kiendeshi cha snd_hda_intel huzungumza na chipu ya sauti moja kwa moja. Katika nyingi za miaka ya karibuni kuna prosesa ndogo ya sauti katikati, ambayo ndiyo inayohudumia maikrofoni za kidijitali zilizojengwa ndani. Prosesa hiyo haifanyi kazi mpaka ipewe famuwea yake, inayoitwa SOF. Ukikuta faili ya njia ya intel/sof imeshindwa kupakiwa kwa kosa namba -2, maana yake faili haipo kwenye diski. Dawa ni kusakinisha kifurushi chake: `firmware-sof-signed` kwa Debian, `alsa-sof-firmware` kwa Fedora, `sof-firmware` kwa Arch. Kwenye Debian 12, sehemu ya non-free-firmware lazima iwe imeruhusiwa kwanza. Ukimaliza, zima mashine kabisa ndipo uiwashe.

Wapo watakaokushauri uiruke prosesa hiyo kwa kuandika `options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1` katika faili ndani ya /etc/modprobe.d/. Kwenye mashine nyingi spika zitarudi, lakini maikrofoni za ndani zitakufa. Kwa mhasibu anayesikiliza muziki inatosha. Kwa mtu ambaye kazi yake ni mikutano ya mtandaoni, hayo si matengenezo.

Hutokea pia famuwea ipo, kadi inaonekana, `alsamixer` haina kosa, na bado kimya. Hapo shuku umri wa kerneli. Watengenezaji hutumia chipu moja, kwa mfano ALC ya Realtek, lakini kila mmoja huunganisha kikuza sauti kwa namna yake, na kerneli hutunza orodha ya marekebisho ya kila modeli. Kompyuta iliyotoka baada ya kerneli yako huenda haimo. Washa mashine kwa flashi yenye toleo jipya la Linux bila kusakinisha chochote. Sauti ikitoka, sasisha kerneli. Usinakili chaguo za `model=` kutoka mashine ya mtu mwingine. Ukilazimika kujaribu, badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukiandika ulichobadilisha ili uweze kukifuta.

Ikiwa mashine ina Windows pia, zima Fast Startup kabla ya majaribio. Ikiwashwa, Windows haizimiki kikamilifu, na huenda ikaiacha chipu katika hali ambayo Linux haiitarajii.

Yote yakishindikana, andika `alsa-info.sh --no-upload`. Amri hii hukusanya taarifa za kadi, chipu na kerneli katika faili moja bila kuituma popote. Mpelekee fundi faili hiyo, ukimweleza tatizo lilianza baada ya sasisho gani, na kama kwa flashi sauti ilitoka au la.