Mzee Anapoanguka: Fizikia ya Chombo Kidogo cha Kiunoni

Mzee akiteleza na kuvunjika nyonga akiwa peke yake nyumbani, hupatwa na madhara mawili. La kwanza ni huko kuvunjika. La pili, ambalo aghalabu husahauliwa, ni saa anazolala sakafuni bila ya mtu kujua: misuli iliyolaliwa huharibika, mwili hukaukiwa maji, na figo huweza kudhurika. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao wamo katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa ajili hiyo wataalamu wameunda vyombo vya kuvaa kiunoni au mkononi, ambavyo huita msaada vyenyewe. Je, chombo kisicho na macho hujuaje kwamba mtu ameanguka?

Kiini chake ni kipimamchapuko. Ndani yake mna kipande kidogo mno cha silikoni kilichoning'inizwa kwa springi. Kipande kikisogea, uwezo wa bamba zilizo jirani kutunza chaji ya umeme hubadilika, na badiliko hilo hupimwa katika mihimili mitatu. Hapa wanafunzi wengi hukosea. Chombo kilichotulia mezani hakisomi sifuri. Husoma g 1, yaani mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, kwa kuwa springi zinabeba uzito wa kile kipande. Ni kikiachiwa kianguke huru ndipo kinaposoma sifuri, kwani kipande na sanduku lake huanguka pamoja.

Basi kuanguka kuna alama tatu zinazofuatana: usomaji hushuka chini ya g 1, hupanda ghafla mwili unapogonga sakafu, kisha hutulia, huku mhimili uliokuwa wima ukiwa sasa umelala. Kiuno kikifika sakafuni kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, na kusimamishwa katika umbali wa sentimita 5, mchapuko wa wastani ni v²/2d, yaani 9 ÷ 0.1 = 90, takriban g 9.

Hata hivyo mwanadamu haanguki kama embe. Hulala kama mgomba, magoti yakimbeba kidogo na mkono ukitafuta ukuta, hata usomaji usikaribie sifuri. Kinyume chake, mtu anayejitupa kitini hutoa kishindo bila ya kuanguka. Nasi tunaokaa na kulala mikekani, tunaosujudu mara kadhaa kwa siku, tunaweza kukikanganya chombo kilichotengenezewa watu wa viti na vitanda.

Tena vyombo vingi vilijaribiwa kwa vijana wenye afya waliojiangusha makusudi juu ya magodoro. Mwaka 2012 Bagalà na wenzake walichapisha matokeo ya kupima kanuni 13 za utambuzi kwa rekodi za watu walioanguka kweli mara 29. Kwa wastani kanuni hizo zilitambua asilimia 57 tu. Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kubwa kuliko hesabu zote za hapo juu: kijana anayejua kwamba godoro linamngoja haanguki kama bibi aliyeshtukizwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee huanguka mara 1 kwa mwaka, lakini hufanya miondoko 20 ya ghafla kila siku, yaani 7,300 kwa mwaka. Chombo kikikosea katika asilimia 1 tu ya miondoko hiyo, kitaita msaada bure mara 73. Ni mwana gani ataendelea kuikimbilia simu hiyo?

Mwalimu aweza kufanya jaribio darasani kwa simu ya mkononi yenye kipimamchapuko. Iachiwe kutoka kimo cha mita 1 juu ya godoro nene. Wanafunzi wahesabu muda kwa h = ½gt², wapate sekunde 0.45 hivi, na kuulinganisha na muda ambao usomaji ulikaribia sifuri. Kisha mwanafunzi mmoja aifunge kiunoni, ajitupe kitini, alale mkekani na kuinuka, na darasa lijaribu kuchagua kiwango cha g ambacho hakitamwita daktari bure.