Pipa Kwanza, Feni Baadaye

Mteja mmoja alituletea mbao za mvule kutoka nyumba ya babu yake iliyobomolewa Ilala, akitaka meza ya kulia chakula. Mvule ule ni mali: ukipiga randa kidogo tu, rangi yake inafunguka. Tuling'oa kila msumari ulioonekana, tukapitisha sumaku pande zote. Lakini msumari wa zamani kichwa chake huliwa na kutu, mwili ukabaki umezama ndani ya mbao. Kijana wangu yuko kwenye mashine ya kuranda, mara pipa letu la kunasa vitu vizito, lililo kati yake na feni ya kufyonza vumbi, likalia kama sufuria iliyopigwa mwiko. Akazima. "Fundi, kuna chuma kimepita!" Tukafungua mfuniko. Kipande cha msumari kilikuwa kimelala juu ya maranda, kabla ya kuifikia feni. Nilikishika kwa furaha kubwa, maana pipa lile nililipigania.

Nilipokuwa nanunua mashine ya kufyonza vumbi, muuzaji mmoja pale Gerezani aliniambia, "Bosi, hii unachomeka tu, inafanya kazi." Nikamuuliza msumari ukiingia inakuwaje. Akasema mfuko unapokea kila kitu. Jibu hilo linaniudhi hadi leo, kwa sababu wauzaji wengi wanalitoa, na mafundi vijana wengi wa Keko wananunua kwa kuliamini. Kwenye mashine hizi za bei ya chini, uchafu hupita kwanza kwenye feni, ndipo uingie mfukoni. Kwa umeme wetu wa hezi 50, feni huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Ikiwa na upana wa sentimita 30, ncha za panga zake zinakimbia takriban kilomita 160 kwa saa. Msumari ukikutana na panga la chuma kwa mwendo huo, cheche inatoka na kupulizwa moja kwa moja kwenye mfuko uliojaa unga mkavu. Mara nyingi haiwaki papo hapo. Inaweza kufukuta ndani kwa ndani kwa saa nyingi, na moto ukaja kuwaka wakati mmeshafunga karakana.

Kwa hiyo, pipa. Tafuta la chuma la lita 200, lenye mfuniko wa kufungwa kwa mkanda. Lisiwe lililobeba petroli, thina au mafuta, kwa sababu mvuke uliobaki unaweza kulipuka fundi anapolikata kwa grenda. Langu lilikuwa la juisi nzito ya matunda. Bomba linalotoka kwenye mashine ya kuranda liingie ubavuni, karibu na juu, likilalia ukuta wa pipa ili hewa izunguke. Bomba linalokwenda kwenye feni litoke katikati ya mfuniko na literemke ndani kidogo. Hewa ikizunguka, vizito vinatupwa ukutani na kudondoka chini: misumari, vipande vya mbao, maranda. Unga mwepesi ndio unaoendelea na safari.

Siri yenyewe iko kwenye mfuniko. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea pipa zuri, lakini halikukamata kitu mpaka nilipozungusha mpira wa tyubu ya gari kwenye ukingo na kupaka silikoni kila kiungo. Hewa ikivuja hata kidogo, inavutwa kupitia tundu hilo na kuyainua maranda yaliyokwisha tulia. Pia mwaga pipa likifika nusu. Likijaa, linapitisha kila kitu, na ni sawa na kutokuwa nalo.

Mengine nayasema haraka. Tumia bomba la inchi 6 pale mashine inaporuhusu, kwa kuwa nafasi yake ya hewa inazidi mara mbili ile ya inchi 4. Bomba la mikunjo liwe fupi. Funga waya wa ethi. Usikate chuma kwa grenda karibu na mdomo wa bomba. Jioni toa mfuko nje ya karakana, uuguse kwa kiganja. Ukisikia joto, usiurudishe ndani. Na fagia juu ya kenchi, maana vumbi linalotulia huko linaweza kulipuka. Tarehe 20 Januari 2012, kiwanda cha mbao cha Babine huko British Columbia, Kanada, kililipuka kwa vumbi la mbao na watu 2 wakafa. Aprili mwaka huohuo kiwanda cha Lakeland kwenye jimbo lilelile kikalipuka vilevile, wakafa wengine 2. Karakana zetu ni ndogo, lakini unga ni uleule.

Mfuko wa kitambaa chepesi usiukubali. Washa tochi usiku mashine ikiwa inafanya kazi: ukiona moshi wa unga kwenye mwanga, ndio unaouvuta kifuani. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1 la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani za pua. Dai mfuko wa mikroni 1, na uvae barakoa unapoumwaga.

Wafugaji wa kuku hupita kwetu kuomba maranda. Wape yale ya mbao safi tu, yaliyofagiliwa chini ya mashine. Yaliyomo kwenye pipa yana misumari, na unga wa MDF una gundi. Hayo tunayafunga kwenye viroba na kuyatupa.