Makosa Yangu ya Kwanza Katika Java

Wengi wetu katika chama cha kompyuta tulianza kwa kujifunza Python, na sasa tunaingia Java. Napenda kuwaelezeni makosa niliyoyafanya mimi mwenyewe, maana moja lilimpokonya mwenzetu nafasi yake darasani kwa muda wa siku mbili.

Java ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, na aliyeibuni ni James Gosling. Alama zake nyingi ziliazimwa kutoka lugha ya C, na Python nayo iliazima huko huko. Kwa hiyo mgeni huona alama anazozijua, akadhani na kazi yake ni ile ile.

Kusahau nukta mkato mwishoni mwa sentensi si neno kubwa. Kompaila itakugombeza papo hapo, nawe utasahihisha. Ya kuogopwa ni makosa yanayopita kimya.

Mwalimu aliniomba nitengeneze programu ya kupanga wanafunzi kwa wastani wa masomo 8. Mmoja alikuwa na jumla ya alama 567, mwingine 560. Ukigawanya 567 kwa 8 utapata 70.875, na Python hukupa hivyo. Lakini katika Java, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, jibu ni namba nzima, na desimali hutupwa. Basi wote wawili wakapata 70! Kwa kuwa walilingana, programu iliwaacha kwa mpangilio wa majina, na yule wa 560 akatangulia. Orodha ikabandikwa ukutani.

Mwenye 567 alinijia na karatasi yake, hakusema neno, akanionyesha hesabu tu. Niliona haya sana. Nilikuwa nimeandika double mbele ya jina la wastani, nikidhani imetosha. Kumbe mgawanyo hufanyika kwanza, na desimali hupotea kabla jibu halijawekwa mahali pake. Dawa ni kugawanya kwa 8.0. (Hata Python ya zamani ilifanya vivyo hivyo, mpaka Python 3 ilipotoka mwaka 2008.)

Kosa la pili lilinisumbua zaidi. Mwanafunzi aliandika jina lake ili aone alama zake, na programu ikajibu kuwa jina hilo halimo. Herufi zote zilikuwa sawa! Nilikuwa nimelinganisha majina kwa alama ==. Katika Python alama hiyo huuliza kama maneno yanafanana. Katika Java, kwa majina, huuliza kama ni kitu kimoja hasa katika kumbukumbu ya kompyuta. Fikirini nakala mbili za kitabu kimoja cha jiografia: maneno ni yale yale, lakini ukiandika jina lako katika hiki, kile hakina. Kuuliza juu ya maneno, tumia equals. Nami nilidanganyika kwa sababu nilipojaribu, majina yote mawili niliyaandika ndani ya programu yenyewe, na Java huyaweka mahali pamoja; hapo == hukubali.

Nikadhani namba ni salama. Za aina ya int ni salama kweli, lakini zikiwekwa katika orodha huwa za aina ya Integer, nazo ni vitu kama majina. Programu ilitambua waliolingana katika somo moja, ila waliolingana kwa jumla ya 560 ikawakana! Sababu ni kwamba Java huweka tayari vitu vya namba kutoka -128 hadi 127, na huvitumia tena na tena. Zaidi ya hapo kwa kawaida hutengeneza kipya kila mara. Alama za somo moja hazipiti 100, kwa hiyo majaribio yangu yote yalifaulu. Hapa pia nilitumia equals.

Siku ya tatu mwalimu alibandika orodha mpya, na mwenye 567 akarudi mahali pake. Tangu hapo, kabla ya kumpa mwalimu orodha, huchagua majina matatu nikayapigia hesabu kwa kalamu.